Alama ya Kidole

Walimwita Bi Kioo, na jina likamkaa, maana hakuna aliyejua kupanga vioo vya leza kama yeye. Mama yake hakuchoka kumtania: "Umesoma mpaka mvi zinakupigia hodi, mwanangu, kumbe kazi yenyewe ni kudundisha mpira ukutani?"

"Ndiyo hiyo hiyo, mama."

Mfano ule wa mpira, Bi Kioo ndiye aliyempa mama. Mwanga mkali wa leza huinyofoa elektroni kwenye molekuli, kisha huirudisha kwa kasi ikaigonge molekuli ile ile. Namna elektroni inavyotawanyika ndiyo inayofichua umbo la molekuli, hata pale inapoanza kuvunjika.

Asubuhi moja maabarani vioo vilikuwa vimetulia, na mchoro alioutafuta msimu mzima ulikuwa unajitokeza kwenye skrini. Ndipo mkuu wa taasisi alipobisha hodi na wageni wake, wote na miwani ya kinga usoni, mpiga picha mbele.

"Dada yangu, mbona hatuuoni huo mwanga?"

"Hauonekani kwa macho, mzee. Na nimeuzima kwanza, maana mmeingia."

"Wageni hawakuja kutazama masanduku!" Mkuu akafunua kifuniko cha sanduku moja, akakandamiza kidole juu ya kioo kilichokuwa ndani. "Hapa ndipo penye mambo!"

Bi Kioo akamsogelea. "Umekigusa, mzee! Mwanga ukikutana na hayo mafuta ya kidole, kioo kinaungua. Nipe nafasi nikisafishe."

"Kidole tu? Usitutie aibu."

Na mtu mzima yule, mwenye cheo na gari la cheo, akabonyeza mwenyewe kitufe cha kuwashia leza. Tap! Cheche ikaruka. Skrini, badala ya kurudisha mchoro, ikabaki tupu.

Wageni wakapiga makofi. Makofi! Ndivyo tulivyozoeshwa: mkubwa akiharibu, tunashangilia, halafu tunauliza kwa nini hatuendelei.

"Hilo si onyesho," Bi Kioo alisema. "Mmeshangilia kioo kinachokufa. Kazi yangu imekwenda nacho."

Mkuu akaangua kicheko. "Wasomi wetu nao kwa utani! Haya, dada, njoo tupige picha."

"Pigeni. Aliyeunguza akae katikati."

Bi Kioo akaufungua mlango, akaushikilia wazi mpaka mkuu naye akatoka, kisha akaufunga kwa ndani na kuanza kukifungua kioo kile, skrubu baada ya skrubu.