Wasifu wa Mwalimu Shabani Niliousoma Kwenye Simu

Jamani, aibu nimeziona nyingi hapa Dubai (niliwahi kusinzia nimesimama, arbab, yaani bosi wangu, ananiongelesha), lakini hii ya Al Twar, nyumbani kwa dada Mwanaidi, mpaka leo nikiikumbuka natamani nijizabe kofi.

Baba yake, Mwalimu Shabani, alifariki kule nyumbani, na Mwanaidi hakupewa ruhusa kazini aende kumzika, basi akaandaa hitima hapa hapa. Marehemu ndiye aliyekuwa mkuu wa chuo cha ualimu mkoani kwetu, kile ambacho baadaye serikali ilikipandisha kikawa chuo kikuu, na mimi nilisoma pale enzi zake. Mwanaidi akanipigia: "Kaka Hamadi, wasifu wa baba utasoma wewe. Nataka watu wajue alifanya nini." Nikamjibu inshallah, dada, usiwe na wasiwasi.

Wiki nzima nikawa napiga danadana, leo zamu, kesho usingizi, mpaka Jumapili yenyewe ya hitima nimo kwenye metro natokea Rashidiya na sina hata mstari mmoja, nikajiambia khalas, historia ya chuo si imo mtandaoni, nitasoma hiyo hiyo.

Nikasimama mbele ya wafiwa, nikakohoa kidogo (eti msomi!), nikaanza: chuo kikuu kilianzishwa na profesa fulani, aliyekuta pori tupu, akalijenga kwa maono yake. Watu wakaanza kunong'ona. Mwenye akili angenyamaza, lakini mimi nikapandisha sauti na kuharakisha, kidole kinateleza kwenye kioo, na kwa kuwa nilikuwa nasoma kwa mdomo tu, akili haimo, nikajikuta natangaza: "Maombi ya udahili yamefunguliwa, bonyeza hapa."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ukurasa mzima jina la Mwalimu Shabani halimo, hata mara moja.

"Kaka Hamadi," Mwanaidi akasema taratibu kutoka pale alipokaa, "hilo pori tupu mimi nimezaliwa humo."

Nami, badala ya kuomba radhi, nikajitetea (sijui shetani gani alinishika): "Dada, ndivyo walivyoandika wenyewe."

"Walichoandika nakijua. Baba alizunguka vijiji vyote kuomba ardhi ya kile chuo, halafu walipomleta profesa wao wakamfuta. Nilikuita wewe kwa sababu ulikuwepo."

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Sheikh akaniokoa kwa kuanza dua, tukaitikia amina, pilau ikaletwa. Mwanaidi aliniwekea sahani yangu kama wengine, nyama nzuri tu, lakini hakunitazama usoni.

Baada ya siku tatu nilimpigia kumwomba radhi, akasema yameisha, na sauti yake ilionyesha hayajaisha. Nimeapa sitasimama tena kumsemea marehemu kwa maneno ya watu ambao hawakumpenda. Nitasema nililoliona mimi, hata likiwa moja. Na siku ile lilikuwepo, tena halikuhitaji simu: nilipokosa pa kulala, Mwalimu Shabani alinichukua nyumbani kwake muhula mzima, akanipa kitanda cha binti yake, na Mwanaidi akalala chini.