Tone Moja la Limau

Sifa zote ni kwa Mungu, aliyeweka vitu vizuri chini ya ardhi, akanipa na miaka ya kutosha kuyakiri makosa yangu.

Miaka ya tisini nilikuwa mzee wa kanisa pale Kashaulili, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kung'arisha vinara vya shaba vya madhabahuni kwa limau na majivu. Kwa kuwa viling'aa, wachimbaji wadogo wakaanza kuniletea mawe. Walileta kwazi, lile jiwe gumu jeupe linalofuatana na dhahabu, likiwa na madoa ya kutu. Nilililoweka kwenye maji ya limau siku nne, tano, kutu ikatoka na jiwe likabaki zima. Nikajiona fundi.

Jirani yetu mmoja, mjane, akaja na jiwe ndani ya kipande cha kanga. Marehemu mumewe alilitoa kwenye mgodi wa zamani wa madini ya risasi: fuwele nyeupe zimesimama kama meno ya mtoto, kutu imezitambalia. Binti yao alikuwa anaolewa Majimoto Jumamosi iliyofuata.

"Baba yake hayupo kumkabidhi," akasema. "Nataka nimpe hili, ashike kitu kilichotoka mkononi mwa baba. Ila si hivi, mzee. Limekaa kama kiazi kilichofukuliwa sasa hivi."

Nikamwambia asiwe na shaka. Nililitumbukiza lote kwenye beseni la maji ya limau, nikaenda kufunga mbuzi.

"Mzee, njoo!" mke wangu akaita. "Jiwe lako linachemka bila moto!"

Povu lilikuwa linapanda. Halikuwa kwazi. Nililiopoa, nikalisuuza kwa ndoo nzima ya maji, lakini upande uliolala chini zile ncha zilikuwa zimelika na kufifia, kama kioo kilichosuguliwa kwa mchanga.

"Utamwambia nini?" mke wangu akauliza.

"Ukweli."

"Basi nenda sasa hivi, kabla hujautungia sala."

Nikaenda. Mjane aliligeuza mkononi muda mrefu. Mwishowe akagusa upande uliosalimika. "Huku usitie limau."

Siku zilizobaki nilitumia maji ya mvua, unyoya wa kuku na kijiti kilichochongwa. Kutu iliyogoma kutoka niliiacha.

Jumamosi alimwekea binti yake jiwe kiganjani, mbele yetu sote. "Upande huu ni wa baba yako. Huu mwingine ni wa mzee wetu na limau lake." Watu wakacheka, nami nikacheka huku machozi yakinilenga. Binti hakucheka. Alilifumbata mpaka gari lilipoondoka.

Tangu hapo kila jiwe naligeuza kwanza, naweka tone moja chini pasipoonekana, nasubiri. Likitoa povu, naliosha kwa maji matupu.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie mkono wa taratibu juu ya vitu vya watu, na pale ulipoharakisha, akukutanishe na moyo kama wa mjane yule.