Dawa Yenye Ladha ya Chumvi

Alama ya moto ilianzia kwenye kiganja cha kushoto cha Scholastika ikapanda mpaka kiwiko. Aliipata kabla hajaolewa, siku alipoangukia mekoni mbele ya majirani waliokuja kusaidia kupura maharage. Walikuwepo watu wazima, wenye mikono yao na nguvu zao, na wote walisimama wakamtazama akiungua. Waliogopa povu la mdomoni. Walisema likikugusa tu, kifafa kinakuhamia. Mosi, mama yake, alirudi kutoka mtoni na mtungi kichwani, akautupa chini, akamvuta binti yake mguu. Jioni ile majirani walikula maharage yao kama kawaida.

Tangu hapo Scholastika hakujua kukaa. Akikaa, aliona kama anakisubiri kile kitu kije. Kwa hiyo alilima, alikata majani, alipanda na kushuka zile ngazi za mashamba juu ya barabara ya Matombo mpaka watu wakauliza kama amemeza mbuzi. Alipopata mchumba, watu walimwonya kijana huyo. Benedikto akawajibu, "Hata mvua inaanguka, na hamjaacha kuipenda." Wakaoana misheni, wakapata mtoto wa kiume, Gabrieli.

Kisha akida, mkusanya kodi wa serikali, akaja na askari. Kila nyumba ambayo kodi ya Mdachi haikutimia ilitoa mwanamume wa kubeba vyuma vya reli huko mbele ya Kilosa. Benedikto alipouliza atarudi lini, alionyeshwa kiboko, na hilo ndilo lililokuwa jibu. Alimwacha mke wake na mtoto aliyekuwa bado hajajua kuketi.

Gabrieli alipoanza kutambaa, Scholastika alianguka kijitoni akiwa amembeba mgongoni. Mtoto alitoka na nundu ya paji la uso, basi. Lakini habari zilimfikia Lukasi, mdogo wake Mosi, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba akisema, amesema.

"Mpwa wangu," alisema Lukasi, "sikulaumu. Ila ukianguka tena, mtoto nampeleka Mkuyuni kwa ndugu yetu Hidaya. Huko hakuna kijito wala hakuna kifafa."

"Na mimi nibaki na nani, mjomba?"

"Wewe utabaki hai. Na yeye atabaki hai."

Asubuhi iliyofuata Scholastika alikuwa mlangoni pa zahanati ya misheni kabla haijafunguliwa. Sista wa Kijerumani aliyekuwa akitibu pale alikuwa mwanamke mrefu, mwekundu wa uso, asiye na maneno ya kubembeleza. Alimpa chupa ya dawa isiyo na rangi na kijiko cha bati.

"Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, umeshakula," alisema. "Kila siku, hata ukijiona mzima. Hasa ukijiona mzima. Usiongeze. Usipunguze. Na usiache ghafla, maana kifafa kitarudi na hasira. Chupa ikikaribia kwisha, uje."

Scholastika alionja. "Ina chumvi, Sista."

"Ladha tu. Si chumvi. Ni dawa, na ni kali."

Akaifuata kama alivyoambiwa. Kipupwe kikapita hajaanguka. Mvua za vuli zikaja hajaanguka. Mosi akaanza kumwachia mtoto bila kumchungulia kila mara. Ingeishia hapo, watu wangemwacha mwanamke yule apumue. Lakini watu hawawezi kumwona mgonjwa amepata nafuu wasitake kuongeza chao juu yake.

Lukasi alikuja na mganga kutoka bondeni, mzee aliyeitwa Mwinjuma. "Dawa ya mzungu imekifunga tu," alisema Lukasi. "Mwinjuma atakitoa na mizizi yake."

Mosi akamtazama ndugu yake, rozari ikining'inia shingoni kwake. "Padri anajua kwamba umekuja na mgeni?"

"Dada, Mungu hajakataza mizizi."

"Mungu sijui. Padri amekataza."

Mwinjuma alikuwa mtu mpole, hakutaka makubwa. Alitoa mizizi ya kuchemsha, na mwiko mmoja: mgonjwa asiguse chumvi mpaka mahindi ya msimu yaanikwe darini. Scholastika hakumwamini sana, wala hakumkataa. Neno la mjomba lilikuwa linaning'inia juu ya kichwa cha mtoto wake. Kama kungekuwa na mganga mwingine nyuma ya mlima, naye angemwita. Akanywa mizizi, akanywa na dawa ya Sista, akafunga mdomo wake pande zote mbili. Misheni aliyekwenda kwa mganga alisomwa jina kanisani Jumapili, akanyimwa komunyo; alishawaona wanawake wakitoka nje wameinamisha vichwa.

Mosi akampikia chungu chake peke yake. Kisamvu bila chumvi. Maharage bila chumvi. Mwanamke anayelima mlimani kutwa, jasho likimkauka mgongoni likawa unga mweupe, anakula majani matupu. Aliota chumvi. Alijilamba mkono bila kujua.

Siku moja akaitazama ile chupa.

Ladha tu, si chumvi, Sista alisema hivyo mwenyewe. Basi si mwiko. Akadondosha kidogo kwenye kisamvu, akakoroga, akala, na machozi yakamtoka kwa utamu. Kesho yake akadondosha zaidi. Dawa iliyomponya ingemdhuru vipi? Kama kidogo kimezuia kifafa, kingi kitakizuia zaidi, na mtoto atakaa. Chupa ilipokwisha kabla ya wakati wake, alipanda misheni akasema, "Mtoto ameimwaga, Sista." Akapewa nyingine.

Ndipo mwili ukaanza kumwacha. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyeumwa na nyuki. Vipele vilijaa usoni na kifuani. Miguu, ile miguu isiyojua kukaa, ikawa inakwenda upande, na moyo wake bado ukitaka kukimbia. Usiku hakulala, mchana alisinzia ameshika jembe. Alimwita Gabrieli kwa jina la kaka yake mwenyewe aliyekwisha kufa.

"Scholastika, pombe ya nani hiyo asubuhi yote hii?" wanawake walimwuliza njiani.

"Sijanywa!"

"Basi tuonyeshe na sisi unapopata hiyo usiyokunywa."

Walicheka. Naye alicheka pamoja nao, kwa kuchelewa, na kicheko chake ndicho kilichomwogopesha.

Siku aliyomtua Gabrieli chini ya mgomba akasahau amemtua wapi, Mosi alimkuta mtoto ukingoni mwa shamba la ngazi, amelala fofofo, na chini yake ni mteremko mtupu. Ilipofika jioni Lukasi alikuwa ameshasikia.

"Dawa ya mzungu inamla," alisema. "Itupeni. Na kesho kutwa nakuja kumchukua mtoto."

Alipoondoka, Scholastika alisimama nyuma ya nyumba na chupa mkononi. Alitaka kuivunja juu ya jiwe. Kilichomzuia ni ule usemi wa Sista, kwamba kifafa kinarudi na hasira. Akaingia ndani akamwambia mama yake, "Nishike mkono. Twende misheni."

Walipofika, Sista alimtazama usoni, akamfungua jicho, akamwambia atembee kwenye mstari wa saruji barazani. Hakuweza.

"Unakunywa vijiko vingapi?"

"Viwili."

"Unaongopa. Unakula nini?"

Mosi, aliyembeba Gabrieli, alitazama pembeni. Scholastika alihisi jina lake likisomwa kanisani, mbele ya watu wale wale waliotazama mkono wake ukiungua. Akafikiri: wanione tu.

"Nilikwenda kwa mganga," alisema, ulimi ukikwama. "Alinikataza chumvi. Nikatamani chumvi, nikaweka dawa yako kwenye mboga. Kila siku. Mtoto hakumwaga kitu."

Uso wa Sista ukazidi uwekundu. "Habari za mganga nitamwambia Padri."

"Mwambie."

"Lakini chumvi!" Sista akapiga meza. "Usipokula chumvi, dawa hii haitoki mwilini. Inajazana. Wewe umeacha chumvi na ukaongeza dawa. Umejitilia sumu kwa mikono miwili." Akamgeukia Gabrieli, akamfungua jicho naye. "Huyu analala sana?"

"Sana," alisema Mosi.

"Ipo kwenye maziwa unayomnyonyesha. Mtoto arudi nyumbani, ale uji. Mama atalala hapa. Nitaipunguza mimi mwenyewe, kidogo kidogo, nikimtazama. Chakula chenye chumvi, maji mengi."

"Siwezi kulala hapa," alisema Scholastika. "Mjomba anakuja kumchukua mtoto."

"Nenda basi. Ukianguka njiani usiniite."

Alinyanyuka. Akafika mlangoni, akashika mwimo. Mwili wake wote ulitaka kuteremka ule mlima. Mosi alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akampita, akasema bila kugeuka, "Lukasi nilimbeba mimi alipokuwa hana meno. Lala."

Akalala, kama kulala ni kugeuka kitandani huku ukisikiliza kila mguu unaopita nje.

Lukasi alifika siku aliyoahidi, lakini hakuishia nyumbani. Alipanda mpaka barazani pa zahanati, Mosi akihema nyuma yake na mtoto mgongoni. Scholastika alikuwa na bakuli la maharage mbele yake, na chumvi pembeni katika jani la mgomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Usinisalimie na hicho mkononi. Unavunja mwiko?"

"Nauvunja." Alichota chumvi, akaitia, akala.

"Ukianguka, nani alaumiwe?"

"Mimi. Mganga alisema, ukasema wewe, akasema Sista, na mwili ni wangu. Nilikuficha wewe, nikamficha yeye, nusura nimwue Gabrieli kwa kuficha. Sasa hivi nakwambia mbele ya mama: nitakunywa nilichopimiwa, nitakula chumvi kama mtu. Moto sitakaa nao peke yangu na mtoto. Mtoni nitakwenda na mwenzangu. Nikianguka, utasikia kwangu kabla ya kusikia kwa mtu."

"Maneno."

"Lukasi," alisema Mosi, "huyu mtoto atalala kwangu. Anayetaka kumpeleka Mkuyuni anivue kwanza hii kanga."

Lukasi alitazama kanga, akamtazama dada yake, akatema mate kando ya baraza. "Mpaka atakapoanguka," alisema, akashuka.

Scholastika alirudi nyumbani miguu imenyooka, na chupa mpya aliyoagizwa kumkabidhi mama yake aitunze. Jumapili jina lake lilisomwa. Alisimama wima likisomwa.

Mahindi yalipofika kiunoni, alianguka.

Ilikuwa shambani, mchana, fupi. Alipozinduka alikuwa amelazwa ubavu, kitambaa chini ya kichwa, na Mosi ameketi karibu akimwambia jirani asogee karibu, mgonjwa haumi. Mdomo ulikuwa na ladha ya damu. Kitu cha kwanza alichotaka ni kijiko cha ziada. Vijiko viwili. Chupa nzima. Kitu cha pili ni kumwomba mama yake wanyamaze.

Hakunywa. Kesho yake alfajiri alipanda kwa Sista akasema ameanguka; Sista akauliza mengi, akabadilisha kipimo kidogo, akamwonyesha kwenye kijiko chenyewe mwisho wake ni wapi. Kutoka pale hakupitia nyumbani. Alimchukua Mosi na mtoto njiani, wakavuka bonde mpaka kwa Lukasi, aliyekuwa uani akichonga mpini.

"Shikamoo, mjomba. Nilianguka jana."

Lukasi aliendelea kuchonga. "Mtoto alikuwa wapi?"

"Mgongoni kwa mama."

"Na moto?"

"Nilikuwa shambani. Hapakuwa na moto."

"Ulikunywa nini baadaye?"

"Nilichopimiwa. Leo nimekwenda kusema, wamenipimia upya."

Lukasi aliinua ule mpini, akaukagua kwa jicho moja kuona kama umepinda. Gabrieli alikuwa ameshashuka mgongoni, anatambaa kwenda kwenye vipande vya mbao. Scholastika alibaki amesimama, mikono haijui pa kukaa.

"Jua kali," alisema Lukasi hatimaye, akamsogezea mtoto kipande laini mbali na panga. "Ingieni ndani, mle. Maharage yapo." Akaurudia mpini wake. "Yana chumvi."