Bega la Fundi wa Dari

Mume wangu hupiga plasta kwenye dari. Mafundi wengi huikwepa kazi hiyo, kwa sababu saruji humwagikia usoni na mikono hukaa juu ya kichwa kutwa nzima. Yeye aliipenda. Akimaliza chumba, washa taa utakavyo, huoni wimbi wala alama ya mwiko. Nayasema haya mapema kwa sababu nimechoka kusikia watu wakidai aliumia kwa uzembe.

Bega lake la kulia lilianza kumsumbua polepole. Kwanza akashindwa kulalia upande ule. Kisha akawa ananiita nimtolee kikombe kwenye kabati la juu, yeye anayenizidi urefu kwa kichwa kizima. Nikamsihi aseme kazini, naye akasema. Alimweleza msimamizi wao kwamba mkono haupandi tena, akaomba apewe kuta kwa muda. Msimamizi akampigapiga begani, lile lile linalouma, akamwambia mafundi wa dari hawapatikani siku hizi, avumilie mpaka jengo liishe. Majengo yenyewe hayaishi. Likiisha hili wanahamia lile.

Ndipo mume wangu akafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa jikoni natamani kurusha sufuria. Alijifundisha kushika mwiko kwa mkono wa kushoto. Alianza na pembe za vyoo ambako hakuna anayetazama, akahamia vyumbani, na haukupita muda dari zake za kushoto zikawa nyororo kama za kulia. Wenzake wakashuka majukwaani kumtazama. Msimamizi akambandika jina, Mikono Miwili, kana kwamba sisi wengine tulizaliwa na mmoja. Mama mkwe wangu akatamba nalo mtaa mzima. Wenye majengo wakaletwa kumwona akipaka huku, akipaka kule, wakacheka na kumpongeza. Katika watu wote hao hakutokea hata mmoja wa kuuliza mkono wa kulia umepatwa na nini.

Tena haukupumzika. Ndio uliobeba ubao wa saruji, na saruji mbichi si pamba. Kazi ikiwa kubwa, msimamizi alimpeleka kwa tabibu mmoja wa karibu akachomwe sindano begani. Maumivu yalikwenda, mume wangu akapanda jukwaani akipiga mluzi, na msimamizi akajiona mfadhili. Kilichokuwa kinachanika mle ndani kiliendelea kuchanika.

Kikakatika alipokuwa akipandisha ndoo. Alisikia kitu kikifyatuka begani, mkono ukaning'inia. Safari hii nilimpeleka mwenyewe, hospitali yenye daktari mpasuaji wa mifupa. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, asiye na haraka. Aliuinua mkono wa mume wangu kwa mkono wake, ukapanda bila shida. Alipouachia, ukaanguka.

Alituambia mabega huuma kwa sababu nyingi. Kuna yanayokakamaa yenyewe, hasa kwa wenye kisukari. Kuna ambayo kiungo kimelika kwa umri, na kuna ambayo ugonjwa uko shingoni, bega linasingiziwa tu. Mengi hayataki kisu, yanataka mapumziko na mazoezi. La mume wangu lingekuwa miongoni mwa hayo, kama angeshushwa kwenye dari alipoomba. Sasa kano, ile kamba inayoushika msuli kwenye mfupa, ilikuwa imeng'oka. Daktari angetoboa vitundu vidogo, aingize kamera nyembamba, aivute kano na kuifunga upya mfupani kwa nyuzi. Ila kano iliyokuwa ikichanika muda mrefu hivyo husinyaa, na ikigoma kufika mfupani, mkono hautainuka tena. Siku ya upasuaji tuliingia hospitali na swali hilo moja, itafika au haitafika.

Ilifika, kwa shida. Daktari akaonya kwamba mkono ukae kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni mpaka atakaposema, mume wangu asinyanyue hata birika. Ikikatika mara ya pili hatakuwa na cha kushona.

Kabla hata kitambaa hakijavuliwa, msimamizi akatujia na mfuko wa machungwa. Akatoa pole nyingi, akasifu sebule yetu, akazunguka weee, mwisho akafika alikokuwa anakwenda. Kuna ukumbi mkubwa umepatikana, na mwenyewe anamtaka Mikono Miwili tu.

"Shemeji, usinitazame hivyo," akaniambia. "Wa kulia si upumzike? Wa kushoto upo, mzima."

Nilikuwa na maneno yangu tayari, na hayakuwa ya kumkaribisha mgeni. Lakini mume wangu alikwisha kusimama. Akauinua mkono wa kushoto, taratibu, mbele yetu. Ulipofika usawa wa kifua ukakwama, ukatetemeka, jasho likamtoka. Kumbe lile bega nalo lilikuwa linakwenda njia ile ile, naye alikuwa akinificha nisije nikakata tamaa.

"Sasa mbona hukusema?" msimamizi akauliza.

"La kulia nilikwambia," mume wangu akajibu. "Ukanipa jina."

Hapo yangu yakanitoka. Nilimwambia amevunja mtu akipiga makofi, na kwamba ukumbi wake akaupige plasta yeye, mikono anayo. Nikamrudishia machungwa yake mlangoni.

Hospitali walitufundisha kwamba shati huanza kuvalishwa kwenye mkono mgonjwa, ndipo mzima ufuate. Asubuhi iliyofuata nilisimama mbele ya mume wangu, shati mkononi, nisijue nianze na upi.