Mwenye Ngao Akifunga Mlango

Jumapili iliyopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka Lubumbashi. Hakuanza na salamu nyingi, aliniita tu yaya, dada mkubwa. Aliuliza: "Yaya, mwenye ngao akifunga mlango, halafu wote walio nyuma yake wakishapita, yeye anaweza kutembea?" Nyuma ya sauti yake nilisikia watoto wake wakigombana. Kabla sijajibu, unite zake za simu zikaisha. Nikabaki na simu mkononi, vidole vimejaa magamba ya ndakala, dagaa wa ziwa letu.

Wewe hujui mchezo huo, kwa hiyo keti nikueleze. Sina haraka, samaki bado hawajakauka.

Tulikuwa tunakaa Mulongwe, hapahapa Uvira, si mbali na mto, watoto watatu pamoja na mama. Baba alikwenda bonde la Ruzizi kutafuta mchele, barabara ikafungwa nyuma yake, hatukumwona tena. Asubuhi zetu zilianza na michi. Kila uani mtu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na harufu ya mawese yaliyochemka ilipita juu ya kuta. Mimi nilishuka mtoni na bidoni la maji, mdogo wangu alifagia, na binti wa mwisho alifukuza kuku waliokuwa si wetu. Kisha bunduki zikianza kule milimani, michi ilinyamaza mmoja baada ya mwingine, kama vyura mtu anapopita. Hapo tulikimbilia kwa jirani.

Jirani alikuwa mwalimu wa hesabu. Shule ilikuwa imefungwa, na nyumba yake ilikuwa na ukumbi mwembamba katikati, kuta pande zote mbili, bila dirisha. Tuliketi humo kwenye saruji, magoti yakigusana. Alipokuwa mwanafunzi Bukavu, mgeni mmoja alimwonyesha mchezo uliotoka Ulaya ndani ya boksi, wenye kitabu na kete za pande nyingi. Yeye hakuwa na boksi wala kitabu. Alikuwa na kichwa chake. Alikata kete kwenye soli ya kandambili, akachoma nukta kwa msumari wa moto, akasema: "Ninyi ni watu watatu ndani ya pango. Fisi mwenye funguo anakuja. Mnafanya nini?"

Kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kubuni. Mdogo wangu alikuwa mwenye moto. Wa mwisho alijiita Panya, mwizi wa kisu kifupi. Mimi nilikuwa mwenye ngao, kwa sababu wengine walikuwa wameshachagua.

Mbele ya kila mmoja mwalimu aliweka vitu vitatu. Kifuniko chekundu cha soda kilikuwa kitendo: kupiga, kuponya, kurusha moto, jambo moja kubwa. Kifuniko cha bia kilikuwa mwendo. Kokwa la ngazi, tunda la mchikichi, lilikuwa jibu, jambo dogo unalofanya wakati zamu si yako, kama kuinua ngao adui anapompiga jirani yako. Ukitumia kitu, unakigeuza au unakilaza kando. Zamu ikikurudia, vyote vinasimama tena. Hakuna aliyepata vifuniko viwili vyekundu, hata alie.

Na wa mwisho alilia.

"Minye nataka kupiga, halafu nijifiche!"

"Kupiga ni kitendo. Kujificha ni kitendo," mwalimu alisema. "Weye uko na kimoja."

"Panya iko mbio!"

"Panya iko mbio, ndiyo sababu inakufa imechoka," mdogo wangu alimwambia. Wa mwisho akampiga kofi la goti.

Moto wa mdogo wangu uliunguza chumba kizima, lakini ulikula kifuniko chekundu na haukurudi mpaka watu wa pangoni walale. Aliutupa kila mara mapema, juu ya popo, juu ya kivuli, mara moja juu ya mlango uliokuwa wazi. Mama, aliyekuwa pembeni akimenya maharage, hakucheza hata siku moja, lakini aliuliza: "Huyo fisi hajafa tu? Tangu jana?"

Ndani ya mchezo hakukuwa na bunduki. Mwalimu hakuziruhusu. Mlio ukisikika karibu, vumbi la dari likianguka juu ya vifuniko, alipuliza vumbi akasema: "Hiyo haiko ya kwetu. Zamu ya nani?" Nasi tuliendelea.

Uwezo wangu mkubwa uliitwa kufunga mlango. Mwenye ngao anasimama mahali pembamba, na hakuna anayempita. Bei yake ilikuwa vifuniko vyote viwili, kitendo na mwendo. Hupigi, huponyi, hutembei. Unabaki na kokwa lako tu. Wadogo zangu walisema ni uwezo wa kijinga. Mimi niliupenda, kwa sababu nilipoutumia hawakufa.

Kulikuwa na jambo lingine, kungoja. Unaweza kuweka kitendo chako akiba mpaka kitu fulani kitokee. Lakini mwalimu alikuwa mkali hapo. Ukisema tu "nangoja," alikigeuza kifuniko chako na zamu ikapita. "Anayengoja ataje anachokingoja," alisema. "Asiyetaja amelala."

Mama aliugua homa katika msimu ambao dawa hazikufika. Ilikuwa haraka, na mimi pia ninalisema haraka. Tulimzika asubuhi, wanawake wa jirani wakaleta ugali wa muhogo na sombe, tukala. Nakumbuka sombe ilikosa chumvi na hakuna aliyesema.

Baada ya matanga, dereva wa taksibisi alituletea maneno ya baba mdogo, ndugu wa baba aliyekaa Sange. Angekuja Jumamosi. Mvulana angekwenda naye kwenye mashamba ya mpunga. Wa mwisho angepelekwa Kiringye kwa shangazi. Mimi ningebaki Uvira kwa masista, ningelala kwao na kusoma, kwa kuwa nilikuwa na akili ya shule. Ndivyo alivyosema, na ilikuwa kweli. Nilikuwa wa kwanza darasani.

Jioni ile tulicheza bila mama pembeni. Wadogo zangu walicheza vibaya. Ilipofika zamu yangu, nikasema: "Nangoja."

"Unangoja nini?" mwalimu aliuliza.

"Mtu akija kututenganisha, nafunga mlango."

Mwalimu alitazama kete mkononi mwake. Hakuna fisi aliyekuwa amefanya hivyo ndani ya pango. Lakini hakukigeuza kifuniko changu.

Baba mdogo alikuja Jumamosi kama alivyoahidi, na gunia la mchele begani. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alimbeba wa mwisho juu, akamtikisa, akasema: "Mumekauka kama ndakala za juma lililopita!" Tukacheka kidogo. Alituombea, akanywa maji, kisha akafunga nguo za wadogo zangu ndani ya kitenge cha mama. Alipoinama kuchukua furushi, mimi nilisimama mlangoni. Miguu niliibana kwenye kizingiti, mikono kwenye miimo.

"Toka, mama. Gari iko inangoja."

"Hawaendi, baba mudogo."

"Nani hawaendi?"

"Hawa. Hatugawanyiki."

Alicheka. "Nani amekufundisha kusimama hivyo? Weye uko askari wa bariyeri? Unataka nikupe ya fanta ndiyo nipite?"

"Amefunga mlango," wa mwisho alimweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Haupiti."

"Na nani atawalisha? Mto?"

"Minye."

"Na masomo yako? Masista wamekubali. Unajua watoto wangapi wanatafuta nafasi hiyo?"

Nilitazama pindo la sketi yangu ya shule, nikabana miguu zaidi. Baba mdogo aliita jirani aje anisemeshe, yeye kama mtu wa shule. Mwalimu akaja, akasimama uani nyuma yangu. Sikugeuka.

"Mwalimu, ongea na mtoto huyu. Anatupa maisha yake."

Mwalimu akaniuliza kwa sauti ileile ya ukumbini: "Unajua bei yake?"

"Najua."

"Vifuniko vyote viwili."

"Najua, mwalimu."

"Basi," alimwambia baba mdogo, "huyu amekwisha kucheza zamu yake."

Baba mdogo hakuelewa, lakini alikuwa na macho. Dereva alipiga honi, akapiga tena. Mwishowe baba mdogo aliketi juu ya kitanda, akafungua kitenge, akatoa nguo za wadogo zangu moja moja na kuziweka mahali pake. Mchele alituachia. Nilipomwachia njia apite, alinigusa kichwa. "Una kichwa cha baba yako," akasema. "Na yeye niliwahi kumwambia asiende."

Masista walingoja juma moja, wakampa mwingine nafasi. Mimi nilianza kushuka mwaloni, ufukoni inakotia mitumbwi ya wavuvi, alfajiri kununua ndakala, kuzianika mchangani na kuziuza sokoni. Sketi ya shule nilimpunguzia wa mwisho. Ilimkaa vizuri.

Shule ya mwalimu haikufunguliwa upesi. Asubuhi moja alipanda mtumbwi wa mashine kwenda upande wa Burundi kutafuta ndugu zake. Kete alimwachia wa mwisho. Alisema tusiendelee na pango bila yeye, maana tungedanganyana. Tulikuwa tumebakiza chumba kimoja. Sijui alifika wapi. Nimewahi kuuliza watu wa mitumbwi, nikaacha.

Miaka ilikwenda kama inavyokwenda, na vita vyake. Mara tulikimbia, mara tulirudi, lakini tulikimbia watatu na tukarudi watatu. Mdogo wangu alimaliza shule, akapata kazi mbali. Wa mwisho aliolewa Kiringye, kulekule alikokuwa apelekwe, lakini alikwenda kwa miguu yake na wimbo mbele yake. Nilimfunga kitenge cha mama mabegani. Kete ya kandambili aliiacha dirishani, panya wa kweli wakaila.

Nyumba ya mwalimu ilichukuliwa na mto mwaka wa mafuriko. Mahali pa ule ukumbi sasa kuna mawe, na wanawake wanaanika nguo juu yake. Michi bado inatwanga, ila siku hizi wengi wanapeleka sombe kwenye mashine. Nikipita pale sisikii kitu chochote moyoni. Natazama mawe, napita na beseni langu.

Lakini swali la Lubumbashi lilinifuata mpaka mwaloni. Walio nyuma yake wakishapita wote, yeye anaweza kutembea? Nilijaribu kukumbuka kama mwalimu alilisema. Hakulisema, kwa sababu hatukufika. Kwenye pango letu kila mara kulikuwa na mtu nyuma yangu. Lakini sheria ninaijua. Zamu ikikurudia, vifuniko vyote vinasimama tena, cha kitendo na cha mwendo. Vyangu vilisimama kila asubuhi, nami kila asubuhi nilivigeuza.

Nilinunua unite nikampigia. Aliyepokea ni mtoto wake wa kike. Kwenye mchezo wao ndiye mwenye ngao.

"Shangazi, baba anasema siwezi kutoka mlangoni. Wenzangu wote wameshapita. Niko pekee yangu!"

"Unaweza," nikamwambia. "Vifuniko vyako viko vimesimama?"

"Vyote."

"Basi tembea."

Nilimsikia akipiga kelele kwa baba yake, kisha mlio wa kifuniko kikigeuzwa kwenye saruji. Akarudi kwenye simu.

"Na weye, shangazi? Utakuja lini Lubumbashi?"

Mbele yangu ndakala zilikuwa zimekauka, na upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kuzipeperusha. Nikamwambia nangoja.

"Unangoja nini?" mtoto akauliza.