Tembo Walipotukuta Njia ya Busi

Mwaka jana, baada ya mvua za kwanza, nilimrudisha mama mkwe wangu kijijini kwao Busi. Alikuwa amekaa nasi mjini, Miyuji, akitibiwa goti, na siku hiyo mke wangu hakupata ruhusa kazini, hivyo tukasafiri wawili. Mtu na mama mkwe wake peke yao garini, si jambo jepesi. Tulizungumza habari za mvua, zikaisha. Tukazungumza mahindi, nayo yakaisha.

Tulipoiacha lami na kushika barabara ya vumbi, akakohoa, akaniomba nisimame kidogo. Akashuka na mkongojo wake, akaenda polepole nyuma ya kichaka. Mimi nikageuzia uso upande wa pili, kama heshima inavyotaka.

Ndiyo maana sikuwaona tembo mpaka walipokuwa barabarani. Jike kubwa mbele, wengine nyuma, mtoto katikati yao. Nilikuwa nikisikia kwamba huingia mashamba ya watu, lakini kusikia ni kusikia tu. Yule jike akatanua masikio, akapiga ukelele niliousikia mpaka kifuani. Nikatia rivasi, nikakanyaga mafuta, wala sikuachia mpaka nilipoipita kona na kuacha kuwaona.

Hapo ndipo nilipotazama kiti cha pembeni, nikaona mkoba wake.

Ningependa kuandika kwamba nilirudi mara ile. Sikurudi. Nilikaa nimeshika usukani, nikitafuta maneno ya kumwambia mke wangu. Mama wa watu yuko porini, mimi tayari napanga maelezo! Muda ulipita kabla sijathubutu kusogeza gari.

Nilimkuta amesimama kando ya barabara, ameegemea mkongojo, tembo wameshaingia msituni upande wa pili.

"Mama! Wamekudhuru?"

"Wamepita tu. Goti hili lingenikimbizia wapi?"

"Mama, naomba unisamehe. Mimi..."

"Nipe maji, mwanangu."

Akanywa, akapanda, akafunga mlango, tukaendelea na safari.

Kwao tulikuta ndugu wamejaa. Akawasimulia kwa lugha yao, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Mkwe wangu huyu aliwavuta wale tembo kwa gari, wakahangaika naye, mimi wakanisahau."

Nilifungua mdomo. Akanitazama mara moja tu, nikaufunga.

Kaka yake mkubwa akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ahsante sana, baba. Umetutunzia dada yetu." Kuku akachinjwa, na firigisi ikawekwa kwenye sahani yangu. Nikaila nikitazama chini, na watu wakadhani ni adabu.

Mke wangu naye alisimuliwa hivyohivyo. Wageni wakija nyumbani huwahadithia kwa fahari, na mimi, kila anapoanza, hutafuta la kufanya nje.