Visima Visivyojaa

Nilimwambia ni orijino. Nianzie hapo, maana kila nikisimulia habari hii huwa naanza na ukame, na nikianza na ukame naonekana sina kosa.

Tulikuwa mwaka wa pili chuoni, pale Chimwaga, chumba kimoja cha hosteli. Mwenzangu alikuwa anasoma kilimo. Kwao ni Haneti, wilaya ya Chamwino, baba yake analima mtama, uwele na karanga kidogo. Mimi nilikuwa nasoma kompyuta, tena ni mtoto wa Dodoma mjini, mtoto wa karani, njaa naijua kwa bei ya unga tu. Tulikuwa tunakula sahani moja na kunawa beseni moja, na tulipatana kwa jambo moja kubwa: gemu za mikakati, zile ambazo wewe ndiye mtawala wa nchi, unaamua kisima kichimbwe wapi, ghala liwe kubwa kiasi gani, jirani apigwe vita au apelekewe zawadi. Gemu za kupiga risasi tuliziona za watoto.

Mwaka huo lilitoka gemu jipya ambalo kila mtu alilizungumzia. Nchi yake ilikuwa kavu, tambarare iliyoinuka, na vilima vya mawe vimekaa hapa na pale. Mwenzangu aliziona picha zake akacheka mpaka akakaa chini.

"Hii si Chamwino hii? Wazungu wamefika kwetu lini?"

Kwenye kundi letu la simuni walikuwemo wanafunzi, mafundi simu, na mtumishi mmoja wa ofisi za serikali pale Mtumba aliyekuwa akiandika Kiswahili cha barua hata anapotania. Wiki nzima tuligombana juu ya kufuli la gemu hilo. Kampuni iliyolitoa iliamua kwamba kila siku, kabla hujacheza, gemu lipige hodi kwenye seva yao kuuliza kama kweli umelinunua. Ukikosa bando huchezi, hata kama ulilipa. Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo kuliko wote. Niliandika kwamba huo ni upumbavu, kwamba anayefungiwa nje ni aliyenunua, huku mwizi anacheza bila kuulizwa. Niliandika kwamba hao jamaa hawajui hata kama Dodoma ipo, njia ya kulipa kwa simu zetu hawakuiweka, sasa wanatudai heshima gani?

Mtumishi wa Mtumba akajibu, "Ndugu mjumbe, duka kuwa mbali si ruhusa ya kuvunja dirisha."

Watu wakajaza vicheko. Nilimchukia siku tatu, na mpaka leo naamini nusu ya niliyoyaandika yalikuwa kweli. Tatizo langu halikuwa hoja.

Mwenzangu hakuwemo kwenye kundi, simu yake ilikuwa ya vitufe. Nilimsomea mabishano yote, nikitegemea anisifu. Akasema, "Mimi cha wizi sichezi." Alisema baba yake alimlea hivyo, kwamba hata mwaka wa njaa mbegu huombwa, haiibwi, na ukiiba, ule mtama utakusuta mpaka siku ya kuuvuna. Hakusema kwa kunihubiria. Alisema huku anatafuta soksi.

Basi jamaa mmoja wa ghorofa ya chini akanipa nakala iliyochakachuliwa kwenye flashi. Nikaiweka kwenye kompyuta yangu wakati mwenzangu yuko darasani, na aliporudi nikamwambia binamu yangu wa Dar amenilipia kwa kadi yake. Nilisema orijino, na nikasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa. Akaamini. Alikwenda kunawa mikono kwanza ndipo akaishika kibodi.

Tulicheza Jumamosi mchana kutwa, na Jumapili yeye akitoka kanisani. Nchi ilikuwa yake, mimi nilikuwa waziri wa vita. Vijiji alivipa majina ya vilima na vijito vya kwao, na sikuwahi kumwona mtu akitawala kwa huruma kama yule. Kabla ya kujenga boma alijenga ghala. Mimi nikimwambia tuvamie jirani, ananijibu tungoje mavuno, askari mwenye njaa ni mwizi mwenye mkuki. Miaka tisa ya nchi ile tulikuwa matajiri.

Mwaka wa kumi mvua ilinyesha kwenye kioo kama kawaida. Matone yalionekana, sauti ilisikika, ardhi ikabadilika rangi. Lakini visima havikujaa.

Hapa ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani wengine wasingelifanya. Mtu wa Bukoba, aliyezoea migomba na mvua isiyoomba ruhusa, angeona mvua inanyesha na kisima kinakauka, angesema gemu limeharibika, angelifuta. Sisi tukasema ni mwaka mbaya. "Mvua ya kudanganya," mwenzangu alisema, tena kama anayemwona mtu anayemfahamu. "Hata kwetu ipo. Inalowesha vumbi, halafu inaondoka."

Akaanza kupambana nayo kama walivyopambana wazee wake. Akapunguza ng'ombe. Akawahamishia watu mabondeni. Akaacha kulima kwa jembe, akaamuru mashamba yafyekwe na kuchomwa tu ili mbegu iingie haraka, kuberega kama wanavyoita kule kwao. Mwaka wa kumi na moja visima vikashuka zaidi. Watu wakaanza kuondoka, vijitu vidogo vyenye mizigo kichwani, vinatembea taratibu mpaka ukingo wa ramani na kupotea. Gemu halikuandika neno lolote juu yao. Vita ikitokea lilipiga tarumbeta, ndoa ikifungwa lilipiga ngoma, lakini hawa walikwenda kimya, na ungejua tu kwa kuhesabu nyumba zilizoacha kutoa moshi.

Wakati huohuo ilikuwa Desemba na jua la Dodoma lilikuwa linawaka kweli. Baba yake alipanda mvua ya kwanza ilipogusa, mimea ikachomoza, ikaungua. Akapanda mara ya pili baada ya Mwaka Mpya. Kila Jumapili jioni alikuwa anapiga simu, na kila Jumapili jioni mwenzangu alikuwa anarudi kwenye kompyuta amenyamaza zaidi. Alinunua daftari akawa anaandika alichopanda katika nchi ile, wapi, na kilikufa lini. Nikimtania kwamba mlenda, ile mboga ya kwao, umemkaa kichwani, hacheki.

"Nakosea wapi?" aliniuliza siku moja. "Mimi ndiye ninayesoma kilimo."

Nilimwambia hakosei, ni gemu tu. Nilisema kweli bila kujua.

Nilijua Ijumaa moja mwishoni mwa Januari, nikiwa kwenye foleni ya chakula. Kwenye kundi mtu alilalamika kwamba visima vyake vimekufa. Mtumishi wa Mtumba akamjibu kwamba vya kwake hujaa kila masika, na ukame wa gemu hilo hauzidi misimu miwili. Kisha akaandika, "Ndugu mjumbe, nakala yako ni halali?" Akaeleza alichokisoma. Wenye gemu walijua kufuli litavunjwa, wakaweka mtego nyuma yake. Nakala ya wizi haikatazwi. Inafunguka, inacheza vizuri, inakuacha uipende nchi yako miaka tisa. Halafu maji yanakatwa, na hayarudi tena, hata ufanye nini, mpaka mtu wa mwisho aondoke.

Kwanza nilikasirika, maana hasira ndiyo huja kwangu kabla ya akili. Niliandika kwamba huo ni ukatili, heri wangetufungia mlango kuliko kutukaribisha ili watuue kwa njaa. Watu wengi waliniunga mkono. Mtumishi akauliza kama mwizi anaweza kushitaki kwamba alichoiba kilikuwa na sumu, na mabishano yakapamba moto, na mimi nilikuwa nabishana vizuri sana huku moyoni najua kuna mtu mmoja tu ninayepaswa kumweleza habari hii, na yuko chumbani anaandika daftari.

Sikumwambia. Niliogopa uso wake. Si kwamba angenipiga, angeniuliza tu kwa upole kwa nini nilimdanganya, na sikuwa na jibu ambalo ningeweza kulitamka mbele ya mtu anayenawa mikono kabla ya kugusa kompyuta ya mwenzake. Mficha uchi hazai, nami niliuficha wangu vizuri.

Jumamosi akapanda mbegu ya mwisho ya nchi ile. Nilikaa nyuma yake nikamtazama. Mvua ya kioo ikanyesha, ardhi ikabadilika rangi, na visima havikupanda hata kidole kimoja. Kijiji cha mwisho, alichokipa jina la kilima kilicho nyuma ya nyumba yao, kilibaki na moshi mmoja, kisha hakuna.

Alifunga daftari. "Nimejifunza kitu," alisema. "Mbegu ya mwisho haipandwi, inaliwa. Ningewapa watu wale, wangeishi msimu mmoja zaidi. Niliwaua kwa tumaini."

Mdomo wangu ulifunguka. Nakumbuka ulifunguka. Nikasema naenda kuoga.

Jumapili baba yake alipiga. Simu ile ilikuwa haisikiki bila kufungua spika, na walizungumza Kigogo, ambacho mimi sikisemi vizuri lakini nakisikia. Mzee aliitika salamu ya "mbukwa" ya mwanawe, akauliza masomo, akauliza afya yangu, kisha akafika alikokuwa anakwenda. Shamba la pili nalo limeungua. Imebaki mbegu kama debe moja na nusu. Mama anasema wasage wale, yeye anaona wapande mara ya tatu, mawingu yameanza kukaa upande wa mashariki. Majirani wamegawanyika.

"Wewe ndiye unayesoma haya mambo," mzee alisema. "Sema, tukusikie."

Kompyuta ilikuwa wazi mezani, na kwenye kioo chake ilikuwa ile nchi tupu, ya kahawia, mvua inanyesha juu yake kwa sauti ndogo. Mwenzangu aliitazama. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, hatua mbili kutoka kwake. Ningesema sentensi moja tu. Ningesema ukame ule si ukame, ni adhabu yangu, usijifunze chochote kutoka humo.

"Msipande, baba," alisema. "Kuleni."

"Haya," mzee alisema. "Aliyesoma amesema."

Mvua ilifika baada ya siku tisa. Ilinyesha Chimwaga usiku na mchana, barabara ya Mtumba ikajaa matope, kila mtu akafurahi. Mwenzangu alisimama dirishani akiitazama, kisha akarudi kwenye vitabu. Mitihani ilikuwa karibu, nami nilijiambia si wakati wa kumvuruga mtu. Nilizipata sababu nzuri kila siku.

Machi tulipofunga chuo alinialika kwao. Baba yake alinipokea mlangoni, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Huyu si mgeni," aliwaambia wa nyumbani, "huyu ndiye anayekaa na mtoto wetu." Tukanawa beseni moja, mimi na mwenzangu, kama tulivyozoea. Unga ulikuwa wa kununua. Nilijua kwa sababu mama alisema samahani ni sembe, mwaka huu mtama haupo.

Asubuhi tulitoka kwenda kuona shamba. Njiani mtama wa majirani, wale waliopanda mara ya tatu, ulikuwa umefika kiunoni, kijani kibichi pande zote mbili. La kwao lilikuwa limejaa magugu na mlenda pori. Mzee alikuwa ametutangulia, akatania kwamba mwaka huu shamba lake limejilima lenyewe, na akasema mvua haina mwalimu, asijilaumu mtu. Alimshika mwanawe begani alipokuwa anasema hivyo. Kisha akaenda kumfungua ng'ombe, akatuacha wawili.

Nikamwambia. Sikulipamba. Nilimwambia juu ya flashi, binamu ambaye hakununua kitu, mtego wa visima, vyote. Alinisikiliza akiwa anatazama mtama wa jirani.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema baadaye. Ilikuwa rahisi kabisa, hakuna ambaye angeijua kweli.

"Ijumaa," nilisema.

"Na baba alipiga Jumapili."

"Jumapili."

Aliinama akang'oa jani la mlenda, akalisugua vidoleni, akalitupa. "Twende," alisema. "Mama atakuwa ameshapakua."

Hakunisema mbele ya wazazi wake, wala hakunisema baadaye, na sijui kama waliwahi kujua. Tulipofika alichukua jagi na beseni mwenyewe. Nilisogeza mikono yangu kando ya yake, kwa mazoea. Yeye akaitoa ya kwake, akainua jagi, akanimiminia maji taratibu, akiyaangalia yasimwagike.

"Karibu, mgeni," alisema.

Kisha akasogea pembeni, akanawa peke yake.